Kwa nini kipande cha kiazi huongezeka uzito hata ndani ya maji yenye chumvi?

Mwalimu wa Uvinza ameuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha Baiolojia katika shule moja ya sekondari ya kata huku Uvinza, na darasa langu la Kidato cha Pili limefika kwenye osmosisi, yaani kupita kwa maji kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye vitu vingi zaidi vilivyoyeyuka. Maabara yetu haina vifaa vingi, lakini chumvi huku si kitu cha kuhangaikia, kwa kuwa imekuwa ikipikwa kutokana na chemchemi za hapa tangu kabla ya ukoloni, na viazi mviringo havikosekani sokoni. Kwa hiyo niliona jaribio la viazi na maji ya chumvi ndilo linalotufaa.

Tulikata vipande vya urefu na unene mmoja, tukavipima kwa mizani, kisha tukavitia katika vikombe. Kikombe cha kwanza kilikuwa na maji matupu. Cha pili kilikuwa na maji yenye chumvi kidogo, takriban nusu kijiko cha chai kwa lita moja. Cha tatu kilikuwa na maji yaliyotiwa chumvi mpaka nyingine ikabaki chini bila kuyeyuka. Katika kikombe cha nne tulitia kipande cha kiazi kilichochemshwa, kwenye maji makali kama yale ya kikombe cha tatu.

Kikombe cha kwanza na cha tatu vilitoa matokeo niliyoyatarajia: kipande cha maji matupu kilikakamaa na kuongezeka uzito, na kile cha maji makali kilipungua, kikalegea kiasi cha kuweza kupindwa bila kuvunjika. Mjadala umeletwa na kikombe cha pili, ambamo kipande kiliongezeka uzito ingawa kilikuwa ndani ya maji ya chumvi. Wanafunzi wananiuliza: ikiwa chumvi huvuta maji, kwa nini chumvi hii kidogo haikuvuta walau kidogo? Tena, baadhi ya vipande vilivyolegea tulivirudisha katika maji matupu. Vile vilivyokaa kwenye chumvi kwa muda mfupi vilirejea hali yake, lakini vilivyolala humo usiku kucha havikurejea kabisa. Na kuna wawili watatu walioniuliza kwa nini katika maji makali vipande vilielea, wakidhani kwamba vimekuwa vyepesi kwa kupoteza maji. Ningependa maelezo yatakayowatosheleza vijana hawa bila kuwapotosha.

Unyanyembe amejibu:

Mwalimu mwenzangu, salamu kutoka Tabora. Wanafunzi wako wameuliza jambo ambalo wengi wetu hulipita haraka. Kauli tunayowazoesha, kwamba chumvi huvuta maji, humfanya kijana aitazame chumvi iliyo kikombeni peke yake na kusahau kwamba ndani ya kiazi nako kuna vitu vilivyoyeyuka. Kila seli ya kiazi ina vakuoli, yaani mfuko mkubwa wa majimaji unaochukua sehemu kubwa ya seli, na majimaji hayo yana sukari, ioni za potasiamu, asidi za kikaboni na amino asidi. Maji yenyewe hupita kwenye utando wa seli kwa pande zote mbili wakati wote, kuingia na kutoka. Tunachokipima kwenye mizani ni tofauti kati ya yanayoingia na yanayotoka, na tofauti hiyo huelekea upande ambao vitu vilivyoyeyuka ni vingi zaidi.

Katika kikombe chako cha pili chumvi ilikuwapo, lakini ilikuwa chache kuliko kile kilichoyeyuka ndani ya seli. Kwa hiyo maji yaliyoingia yalizidi yaliyotoka, na kipande kikaongezeka uzito. Ukivilinganisha vikombe vyako viwili vya kwanza kwa makini, nadhani utakuta kwamba kipande cha maji matupu kiliongezeka zaidi, kwa sababu huko tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Huo ndio ushahidi kwamba chumvi yako kidogo ilifanya kazi: ilipunguza kasi ya kuingia kwa maji, ila haikufikia kiwango cha kuugeuza mwelekeo.

Kuhusu kukakamaa na kulegea, wanafunzi watenganishe ukuta wa seli na utando wa seli, kwa maana hapa ndipo wengi wanapochanganya. Ukuta umejengwa kwa selulosi. Ni mgumu kiasi, lakini una nafasi ambazo maji na chumvi hupita bila kizuizi. Utando uko ndani ya ukuta, ni mwembamba mno, nao ndio unaochagua: maji huyaruhusu kwa wepesi na chumvi huizuia kwa kiasi kikubwa. Wepesi huo wa maji kupita uliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu, kwa kuwa utando umejengwa kwa mafuta, mpaka zilipotambuliwa protini zinazounda vijia vya maji, ziitwazo akwaporini. Mmarekani Peter Agre alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003 kwa kazi hiyo.

Maji yanapoingia, vakuoli hutanuka na kuusukuma utando dhidi ya ukuta. Ukuta nao husukuma kurudi ndani, na kusukumana huko ndiko kunakokifanya kipande kiwe kigumu. Seli haipasuki kwa sababu ukuta unaikinga, tofauti na chembe nyekundu ya damu ambayo haina ukuta na hupasuka ikitiwa katika maji matupu. Maji yanapotoka, kwanza msukumo huo hupotea na kipande hulegea. Yakiendelea kutoka, utando hunywea na kubanduka kutoka kwenye ukuta, hali inayoitwa plazimolisisi. Watahini hupenda kuuliza nini kinajaza nafasi iliyobaki kati ya ukuta na utando, na jibu ni maji ya chumvi ya kikombeni, kwa kuwa ukuta haukuyazuia.

Kipande chako kilichochemshwa nakihesabu kuwa ndicho cha thamani kuliko vyote. Kina ukuta, kina wanga, kina maji, lakini utando wake umeharibiwa na joto. Chumvi huingia humo na vitu vya ndani hutoka nje bila wa kuvizuia, hata pande zote zikalingana. Ikiwa mwanafunzi anashikilia kwamba chumvi huvuta maji kwa nguvu zake yenyewe, mwulize kwa nini haikukilegeza kipande hicho jinsi ilivyokilegeza kibichi, ilhali ilikuwa chumvi ile ile na kwa kiasi kile kile.

Kama shule ina hadubini, chukua ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu badala ya kiazi. Rangi yake imo ndani ya vakuoli, hivyo utando ukinywea wataona rangi ikijikusanya katikati ya seli huku ukuta ukibaki mahali pake.

Kijana wa Ujiji amejibu:

Shikamooni walimu. Mimi nilifikiri kinachoingiza maji ndani ya kiazi ni wanga, kwa sababu kiazi kimejaa wanga na unga wake ukitiwa maji huyanywa. Je, si hivyo?

Fundi Maabara, Kasulu amejibu:

Marahaba, kijana. Wanga katika kiazi kibichi umo katika punje zisizoyeyuka, na katika osmosisi kinachohesabika ni idadi ya chembe zilizoyeyuka, bila kujali uzito wa vitu vyenyewe. Punje moja ya wanga ina molekuli nyingi za sukari zilizofungwa pamoja, na kwa kuwa zimefungwa na hazijayeyuka, mchango wake katika jambo hili ni mdogo mno. Hiyo ndiyo faida ya mmea kuhifadhi chakula kwa umbo la wanga: laiti sukari yote hiyo ingekuwa imeyeyuka, seli zingevuta maji kupita kiasi.

Sasa nirudi kwa Mwalimu wa Uvinza, maana Mwalimu wa Tabora ameeleza mwelekeo na mimi ningependa kuongeza hesabu. Kwa viazi mviringo vingi, myeyusho wa sukari usiokiongezea kipande uzito wala kukipunguzia huwa karibu na moli 0.3 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya chembe). Sukari ya mezani ina gramu 342 kwa moli moja, kwa hiyo hizo ni takriban gramu 100 kwa lita. Chumvi hutofautiana na sukari, kwa sababu ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni ya sodiamu na ioni ya kloraidi, yaani chembe mbili mahali pa moja. Kwa sababu hiyo, nusu tu ya idadi ya moli hutosha, kiasi cha 0.15 hadi 0.17, na kwa kuwa moli moja ya chumvi ni gramu 58.4, tunapata gramu 9 hadi 10 kwa lita moja. Kiwango hicho kinakaribiana na maji ya chumvi ya dripu hospitalini, ambayo yana gramu 9 kwa lita. Nusu kijiko chako cha chai ni kama gramu 3, karibu theluthi ya kinachohitajika, na ndiyo maana kipande kiliongezeka uzito.

Ukitaka wanafunzi waone ukubwa wa nguvu hii, wape kanuni ya Jacobus van 't Hoff, Mholanzi aliyepata Tuzo ya kwanza ya Nobel ya Kemia mwaka 1901. Shinikizo la osmosisi ni sawa na ukolezi wa chembe (yaani moli zake kwa lita) mara namba thabiti ya gesi mara halijoto ya Kelvini. Kwa ukolezi wa 0.3, namba thabiti ya 0.0831 na halijoto ya 298, jibu ni bar 7.4, wakati tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 na kidogo. Hilo ni shinikizo ambalo ukuta wa seli unaweza kukabiliana nalo kipande kikiachwa katika maji matupu. Kabla ya van 't Hoff, Mholanzi mwenzake Hugo de Vries alikuwa amekwisha kutumia kunywea kwa seli za mimea kama kipimo cha kulinganisha miyeyusho mbalimbali, kwa hiyo jaribio lako lina ukoo mzuri.

Vipande vilivyolala kwenye chumvi havikufufuka kwa sababu maji yaliyokolezwa mpaka chumvi ikabaki chini huwa na gramu 360 hivi za chumvi kwa kila lita ya maji, karibu mara 40 ya kiwango kinacholingana na kiazi. Seli inayofanywa inywee kwa ukali huo huuona utando wake ukivutwa na kuchanika mahali unaposhikamana na ukuta, na sodiamu inayopenya ndani huvuruga protini. Utando ukishachanika hauchagui tena, na seli inakuwa sawa na ya kipande kilichochemshwa: ukiirudisha kwenye maji matupu, vitu vyake vilivyoyeyuka huvuja nje na hakuna kinachobaki cha kuingiza maji. Vile vilivyokaa muda mfupi vilikuwa vimepoteza maji ya tabaka za nje tu, na utando wake ulikuwa mzima. Ukitaka kuonyesha kulegea na kurejea bila kuua seli, tumia gramu 20 hadi 30 kwa lita na muda usiozidi saa moja.

Kuelea kusichanganywe na osmosisi. Kiazi kina densiti (uzito wake ukilinganishwa na wa maji matupu ya ujazo ule ule) ya karibu 1.08 na maji hayo makali yana densiti ya karibu 1.2, kwa hiyo kipande kingeelea tangu dakika ya kwanza, kabla hakijapoteza chochote. Isitoshe, kipande kinachopoteza maji kinabaki na sehemu kubwa zaidi ya wanga, na wanga ni mzito kuliko maji. Densiti yake hupanda, haishuki.

Mama Chipsi wa Mwanga amejibu:

Habari zenu walimu wangu. Mimi sikusoma Baiolojia mbali, lakini ninakaanga chipsi hapa Mwanga, Kigoma mjini, na mnayoyasema ninayaona kila siku kwenye beseni. Viazi nilivyokwisha kukata huviloweka katika maji matupu, navyo hukaa vigumu na kukatika kwa mlio. Msaidizi akitia chumvi mapema, baada ya muda vinalegea, na maji hujikusanya chini ya beseni. Maji hayo yakiingia kwenye mafuta ya moto, yanaruka. Tena kiazi kibichi kilicholowekwa kwenye chumvi, ukikikata katikati, ladha ya chumvi iko pembeni tu, lakini kilichochemshwa na chumvi kimekolea hadi ndani. Naona sasa kwamba hili nalo ni lile la utando mlioueleza.

Ninalo swali langu. Kuna viazi vinavyonywa mafuta mengi na kutoka laini, na vingine vinatoka vikavu na vizuri, ilhali kwa macho vinafanana. Je, maji ya chumvi yanaweza kunisaidia kuvitambua kabla ya kukata?

Fundi Maabara, Kasulu amejibu:

Yanaweza, mama, na njia hiyo hutumika hata katika viwanda vya kukaanga viazi. Yeyusha chumvi takriban gramu 125 katika lita moja ya maji. Hapo maji yatakuwa na densiti inayokaribia 1.08. Tumbukiza viazi vizima, visivyomenywa, vikiwa vimeoshwa udongo. Vinavyozama vina wanga mwingi na maji machache, hivyo hunywa mafuta kidogo na hutoka vikavu. Vinavyoelea vina maji mengi, na hivyo vipeleke kwenye mchuzi. Vitoe mara moja na kuvisuuza. Ganda likiwa zima, osmosisi haipati nafasi ya kufanya lolote kwa muda huo mfupi. Angalia tu kiazi chenye uwazi katikati, maana kitaelea hata kama kina wanga wa kutosha.

Na kama unahifadhi viazi kwenye friji, viondoe. Katika baridi kiazi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo huzifanya chipsi ziwe nyeusi kabla hazijaiva. Mwalimu naye alizingatie hilo, kwa kuwa kiazi cha friji, kikiwa na sukari zaidi iliyoyeyuka, kitahitaji chumvi zaidi ili kulingana nacho, na matokeo yake hayatafanana na ya kiazi cha sokoni.

Mwalimu wa Uvinza amejibu:

Nawashukuru sana, na kwa kweli nitaanza kipindi kijacho na kipande kilichochemshwa. Yamebaki mambo madogo. Chumvi ya dukani hutiwa madini joto. Je, inaweza kuharibu jaribio, au hata kukifanya kiazi kiwe bluu kama tunavyoona tunapopima wanga kwa iodini? Shule jirani, iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, inataka kutumia maji ya ziwa, je, yanafaa? Mwisho, viazi mviringo vikipanda bei, tunaweza kutumia viazi vitamu?

Unyanyembe amejibu:

Madini joto hayana athari hapo. Kiasi chake ni miligramu makumi tu kwa kilo moja ya chumvi, na kwa kawaida hutiwa katika umbo la iodeti ya potasiamu, ambayo haigeuzi wanga kuwa bluu mpaka ibadilishwe kwanza kuwa iodini huru. Maji ya ziwa yana chumvichumvi isiyofika gramu moja kwa lita, hivyo kwa kiazi ni kama maji matupu. Yanafaa kwa kikombe cha kwanza, lakini kwa miyeyusho mingine ningetumia maji ya mvua, ili kiasi cha chumvi kiwe kile mlichopima wenyewe.

Viazi vitamu vinafaa, na huku kwetu ndivyo tunavyotumia mara nyingi, mradi viwe vibichi. Mtoto asikuletee matobolwa, kwa kuwa hayo yamekwisha kuchemshwa kabla ya kukaushwa. Kwa kuwa viazi vitamu huwa na sukari nyingi zaidi iliyoyeyuka, tarajia kwamba kiwango kinacholingana navyo kitakuwa juu ya zile gramu 9 au 10 alizozitaja Fundi. Papai bichi pia hufaa.

Kuhusu upimaji, usilinganishe gramu zilizoongezeka peke yake, kwa sababu vipande havilingani kabisa hata vikikatwa kwa uangalifu. Kipande cha gramu 4.0 kikifika gramu 3.4, kimepoteza asilimia 15, na asilimia hiyo ndiyo ya kuingizwa kwenye jedwali. Kila kipande kikaushwe kwa kitambaa kwa namna ile ile kabla ya kupimwa, kwa maana matone yaliyobaki juu yanaweza kuwa mazito kuliko badiliko lenyewe. Andaeni miyeyusho ya gramu 0, 5, 10, 15 na 20 kwa lita, viacheni vipande kwa muda ulio sawa, kisha chorani grafu ya asilimia ya badiliko dhidi ya gramu za chumvi. Mahali mstari unapokatiza sifuri ndipo maji yanapoingia na kutoka kwa kiasi kimoja, na wanafunzi wataweza kusoma hapo ukolezi wa kiazi chao wenyewe, hata kama hakuna kikombe kilichokuwa na kiasi hicho hasa.